Masikio ya Zabibu

Madamu Irini aliingia dukani kwangu Jabe, hapa Bujumbura, mwezi uliopita, mvua imetoka kukatika, viatu ameshika mkononi kwa sababu ya tope. Sikumtambua. Niliona mzungu mzee mwenye nywele fupi nyeupe, nikafikiri anatafuta mshipi. Akasimama mbele ya ukuta wangu wa hatamu na mikoba, akavuta harufu ya ngozi kama mtu anayenusa chakula, halafu akasema kwa Kiswahili cha hapahapa mjini, kile walichokua nacho watoto wa Wagiriki wenye maduka: "Saidi, we bado unafanya kazi umekunja mugongo hivyo? Utakuja kuzikwa umepinda." Nikaiweka sindano chini. Sauti ile ningeijua hata kaburini. Nikamtafutia kiti, nikaagiza chai na sambusa, na kama inavyotakiwa tukaanza na waliokufa. Tulipowamaliza akaniuliza watoto, nikamwuliza wajukuu, na ndipo akatamka lile neno ambalo limenikalisha mezani hapa kuandika. Alisema: "Mi nawaambia wajukuu, nilikuwa na farasi muzuri Bujumbura, akaingiwa na vita mu kichwa." Nikamwacha akoroge sukari yake. Mgeni hakatizwi. Lakini moyoni nilisema, huyu mama amebeba uongo miaka yote hii, na uongo huo tuliupika sisi wote pamoja, mimi nikiwamo.

Habari za kwetu, baba nani na mama nani, naziruka. Hazitamsaidia mtu kumwelewa farasi. Shule niliiacha mapema, nikiwa naweza kusoma kibao cha duka na kuandika jina langu, na yaliyozidi hapo nimeyapata kwa kutaka mwenyewe. Katikati ya ile miaka ya tisini, vita vilipokuwa vimeshazoeleka kiasi kwamba watu walivitaja kama hali ya hewa, nilikuwa kijana wa ishirini na kitu, nakaa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, nafanya kazi ya usaisi kwenye mabanda ya farasi upande wa ziwani. Saisi ni mtunza farasi: unamlisha, unamsugua, unamtandika, unazoa mavi yake, na mwenye farasi akija unasimama pembeni kana kwamba farasi amejisafisha mwenyewe. Bosi wetu alikuwa Mzee Rajabu, mtu mfupi mwenye kofia nyeupe iliyopigwa pasi vita au bila vita. Kabla ya vita kulikuwa na mashindano ya kuruka viunzi, na vikombe, na wake za mabalozi wenye miavuli. Mwaka ninaousema wengi walikuwa wameondoka na farasi walikuwa wachache. Mashindano yalikwisha. Mzee Rajabu hakukubali kwamba yamekwisha. Kila Alhamisi alitoa mkasi wake mdogo, akaunoa kwenye jiwe, na kumwandaa Zabibu kana kwamba Jumapili kuna kombe: mkia unachanwa, kwato zinapakwa mafuta, na nywele za ndani ya masikio zinanyolewa mpaka ngozi ionekane laini na ya waridi.

Zabibu alikuwa farasi jike wa Madamu Irini, mwekundu wa kukolea, na ndiye peke yake aliyenyolewa masikio, kwa sababu ndiye peke yake aliyewahi kushinda. "Iko kama bibi arusi," Mzee Rajabu alikuwa akisema, akipuliza vinyweleo kwenye mkasi. "Siku wageni watarudi, watakuta bibi arusi yuko tayari." Sisi masaisi tulicheka kwa siri, lakini tulipenda ile Alhamisi. Mji mzima ulikuwa unavunjika vipandevipande, mtaa huu haukanyagi mtaa ule, leo mji umefungwa, kesho bariyeri mpya ya kuzuia njia, na pale bandani kulikuwa na mzee ananyoa masikio ya farasi kwa mkasi wa kukatia kucha. Ilitupumzisha. Kwingine kote sikupumzika. Hata kulala nilikuwa nalala na suruali, tayari kukimbia.

Kisha Zabibu akabadilika. Haikuwa polepole. Juzi alikuwa ananisukuma kifuani na paji la uso akidai karoti, na leo nikainua mkono kumvisha hatamu akarusha kichwa juu kama amechomwa na moto, akanivuta na kamba mpaka nikaangukia ndoo. Nikajaribu tena, akanigeuzia matako. Mzee Rajabu akaja na ujuzi wa zamani, ule wa kumkamata farasi sikio na kulipinda ili atulie. Zabibu alitoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa farasi, akapanda juu kwa miguu ya nyuma na kumbamiza mzee ukutani. Tangu siku ile hakuna aliyemgusa juu ya shingo. Alikaa na kamba ya kichwani aliyokuwa nayo mpaka ikakatika yenyewe, na baada ya hapo hakukuwa na cha kumshikia. Akawa anasimama kona ya banda, kichwa kimeinama upande mmoja, anakitikisa, anakitikisa, kama mtu anayekataa jambo aliloulizwa zamani.

Na sisi tulikuwa na jibu tayari. Usiku wa kuamkia siku ile, milio ya mabomu ilitoka vilimani juu ya Kanyosha, kusini mwa mji, kwa muda mrefu. Ni vita, tukasema. Dokta Venansi, daktari wa mifugo, mtu mstaarabu aliyekuja kwa baiskeli kwa sababu petroli imeadimika, alimpima moyo akiwa amesimama mbali awezavyo, akasema ni mishipa ya fahamu, ni kelele, apewe utulivu. Utulivu! Alitazama chini alipolitaja neno hilo. Madamu Irini akalia. Mimi nilikubali kuliko wote, kwa sababu nilikuwa na ushahidi wangu. Mwezi uliotangulia, nikirudi nyumbani, vijana wa bariyeri walinisimamisha, wakanivua kofia wanione vizuri, wakataka kujua mimi ni nani hasa, wa kabila gani. Nilisema mimi ni Saidi wa Buyenzi. Mmoja wao, wa rika langu, akanigonga kwa kitako cha bunduki juu ya sikio, bila hasira, kama mtu anayegonga mlango. Waliniachia. Lakini tangu hapo mtu akiinua mkono karibu na kichwa changu, hata kinyozi, hata mtu wa kunitoa jani kwenye nywele, mwili unaruka kabla sijauambia. Mzee Rajabu aliliona. "Mumefanana, we na ile farasi," alisema. "Mutaenda kuoana."

Madamu Irini alikuwa anafunga duka lao. Kaka yake alikuwa na shamba ng'ambo, upande wa Uvira, Kongo, na lori lilikodiwa kupitisha mizigo mpakani Gatumba siku ya Jumamosi, pamoja na farasi wawili wa familia, Zabibu na dume mmoja mzee. Sasa, farasi asiyeshikika kichwa hapandi lori. Hakuna pa kumshikia, hakuna pa kumfunga, na akichachamaa njiani atawaua waliomo. Nilimsikia Madamu akizungumza na daktari nyuma ya ghala la majani, mimi niko ndani nachambua nyasi. "Simwachi," alisema. "Nikimwacha watamukula, ama atakufa na njaa akinitafuta. Bora askari mumoja amupige risasi nikiwa hapa." Daktari akasema amebakiza chupa moja ya dawa ya kutuliza, ataiweka kwa siku hiyo, Zabibu achomwe kwanza, asijue kinachokuja. Niliendelea kushika majani mkononi bila kuyachambua. Nilipotoka nikamfuata Madamu mpaka getini, nikamwambia, "Niachie mi." Akanitazama kwa huruma, na mimi huruma siipendi. "Utamufanyia nini, Saidi? Hata kumufunga kamba hauwezi." Ilikuwa kweli, na kweli ile iliniuma kuliko kitako cha bunduki.

Chakula cha mchana sisi watu wa bandani tulikula kwa Mama Zaituna, mke wa Mzee Rajabu, kwenye chumba chao nyuma ya mabanda, kwa kuwa kwenda Buyenzi na kurudi ilikuwa kujitafutia balaa. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, mikeka miwili, jiko la makaa mlangoni, na redio iliyofunikwa kitambaa kama maiti, maana mama aliizima habari zilipozidi. Siku hiyo ilikuwa bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, na mjukuu wao Mwajuma alikuwa analia. Alikuwa analia tangu asubuhi. Bibi yake akitaka kumsuka, anapiga kelele. Akiguswa kichwa, anapiga kelele zaidi, anajipiga mwenyewe ubavuni mwa kichwa kwa kiganja.

"Ni mabomu ya juzi," Mzee Rajabu alisema, akivunja tonge. "Mutoto ameshituka."

"Mabomu, mabomu," Mama Zaituna akajibu. "Makaa ikikosa, mabomu. Maziwa ikichacha, mabomu. We ukikosa kwenda choo siku mbili utasema ni mabomu."

"Mbele ya vijana, mama."

"Vijana wanajua choo. Saidi, mushike miguu."

Nikamshika mtoto miguu. Mama Zaituna alikuwa amepasha mawese kidogo kwenye kijiko, akayajaribu kwenye kiwiko chake, akamlaza Mwajuma mapajani na kumdondoshea sikioni. Mtoto alipiga teke moja la nguvu. Tukangoja. Kisha kikatoka kidudu, mende mdogo wa kahawia, miguu imelowa mafuta, kikitembea polepole shavuni kwa Mwajuma kama mgeni anayetoka msikitini. Mama akakibana kwa ncha ya kanga na kumwekea mumewe pembeni ya sahani. "Haya, muzee. Bomu lako hili." Mwajuma alinyamaza hapohapo. Akaomba ndagala.

Mimi nilikuwa nimeacha kula. Nilimtazama Mzee Rajabu, naye alikuwa ananitazama, na tonge lake limesimama njiani. "Apana," alisema kabla sijasema. "Mi namunyoa kila Alhamisi. Ningeona."

"Mara ya mwisho umemunyoa ni lini?"

"Kabla ya kuanza wazimu."

"Basi, baba. Tangu hapo nani amemutazama sikio?"

Mzee alilirudisha tonge sahanini, akanawa, akavaa kofia. Tukatoka hadi uzio wa malisho tukasimama tukitazama kitu tulichokuwa tunakitazama kila siku. Zamani wakata majani walikuwa wanaleta nyasi kutoka bonde la mto Rusizi. Njia ilipokuwa mbaya tukawa tunawaachia farasi wajilishe uwanjani palepale. Na tangu watu waanze kukimbia vilima vya Kanyosha, walishuka na ng'ombe wao, wakaomba pa kuwaweka, na Mzee Rajabu mwenyewe aliwafungulia uwanja, kwa wema. Ng'ombe wa pembe ndefu walikuwa wamejaa humo, na masikio yao, ukikaribia, yalikuwa na kupe kama mbegu za mbono. Farasi wengine walikula nyasi hizohizo na hawakuwa na neno. Lakini wengine walikuwa na nywele masikioni, nzito, chafu, hazijaguswa na mkasi tangu vita vianze. Mzee alisimama ameshika waya wa uzio. "Nywele ni mulango," alisema. "Nilimutoa mulango ya nyumba."

Nilimfuata Dokta Venansi kazini kwake nikamwambia alete ile chupa, leo, tumtazame Zabibu sikio. Alisikiliza vizuri, sisemi hakusikiliza. Kisha akasema, "Saidi, chupa ni moja. Nikiitumia leo, Jumamosi sina kitu. Askari atapiga farasi anayerukaruka, na hatammaliza kwa risasi moja. Na kama sikioni hamna kitu?" Nikamwambia, basi utakuwa umenipa mimi nafasi ya kujua. Alifikiri, akasema mwenye farasi ndiye wa kuamua. Tukaenda wote kwa Madamu, dukani kwao, kati ya makasha yaliyopigiliwa misumari. Alinisikiliza habari ya mende na ya ng'ombe na ya mkasi mpaka mwisho. "Choma leo," alimwambia daktari.

Ilibidi wanaume wanne na mlango mbovu wa banda kumbana Zabibu mpaka sindano iingie shingoni. Baadaye kidogo kichwa kikaanza kushuka, kikashuka, mdomo wa chini ukalegea, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi niliweka mkono kwenye paji lake la uso. Lilikuwa la moto. Dokta alimulika sikio la kushoto kwa tochi. Akaniita nitazame. Nimeona mambo mwaka ule ambayo siandiki hapa, lakini lile nitaliandika: kupe wamejipanga mpaka ndani kabisa, mmoja juu ya mwingine, wamevimba, na katikati yao usaha. Harufu ilinipanda kichwani. Dokta aliwatoa mmojammoja kwa kibanio, akiwaweka kwenye kopo la mafuta taa, akaosha, akapaka dawa, akahamia la kulia. Alipomaliza alikuwa ametota jasho. "Nilipima moyo," alisema, si kwa mtu fulani. "Sikio nilisema nitaangalia akitulia." Mzee Rajabu alishika kopo muda wote.

Tulifikiri tumeshinda. Hapo ndipo nilipojifunza jambo la maana kuliko yote ya mwaka ule. Zabibu alipozinduka masikio yalikuwa safi, kila siku dawa iliyobaki tulimpulizia kwa mbali, uvimbe ukashuka, alikula, alitembea. Na ukiinua mkono, alirusha kichwa vilevile. Maumivu yalikuwa yameondoka, yeye hakuwa ameambiwa. Ijumaa nilijaribu kwa karoti, kwa chumvi, kwa maneno, nikakasirika, nikamtukana, nikaenda kulia nyuma ya ghala. Jumamosi lori likaja. Dume mzee alipanda kama abiria mwenye tiketi. Zabibu alisimama katikati ya uwanja, huru, hana hata uzi mwilini, na hakuna aliyeweza kumsogelea. Dereva alipiga honi, akasema bariyeri ya Gatumba haimngoji mtu. Askari alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, bunduki mapajani, anakula ndizi.

Madamu Irini alimtazama askari, akaniangalia mimi. Nilisema, "Madamu, yeye amepona. Bado hajajua tu. Mupe muda wa kujua." Alisema kupe wametoka na farasi bado yuko vilevile, na muda ndio kitu ambacho hana. Ndipo Mzee Rajabu akavua kofia. Sikuwahi kumwona kichwa wazi. Kilikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyofikiri. "Madamu," alisema, "mi ndo nilimunyoa. Mi ndo nilifungulia ng'ombe. Kama iko mutu wa kulipa leo, apana ile munyama." Askari aliacha kutafuna. Madamu alisimama pale mpaka honi ikapigwa tena. Kisha akafungua mlango wa mbele wa lori, akatoa kamba ya kichwani mpya, ya ngozi, aliyomnunulia Zabibu kwa safari, akanitupia. "Siku ataivaa," alisema, "uniambie." Akapanda. Hakugeuka. Nilimlaumu wakati ule kwa kutogeuka. Leo najua angegeuka asingeondoka.

Miezi iliyofuata niliishi na ile kamba begani. Asubuhi nilimgusa Zabibu bega, basi, nikaondoka kabla hajataka niondoke. Baadaye shingo, kwa mgongo wa mkono, maana kiganja alikijua na hakukipenda. Akisogea, narudi begani. Mji ulifungwa, mji ulifunguliwa, watu tuliowajua walipotea njiani, na mimi nilikuwa nagombania upana wa vidole vitatu kwenye shingo ya farasi. Wenzangu walisema nimekuwa mwehu. Lakini kamba ile ilipaswa kupita juu ya masikio, na hapo ndipo kila siku tulikwama. Siku moja nikaichukua, nikaikata katikati. Mzee Rajabu alishika kichwa akiona ngozi mpya inakatwa. Nilitafuta sindano ya magunia na uzi wa viatu, nikaishona upya iwe na bakoli, kile kifungo cha chuma cha mshipi, juu, ifungukie pale, ipite shingoni na puani na ifungwe nyuma ya masikio bila kuyagusa. Mshono wa kwanza ulikuwa aibu. Nikaufumua. Vidole vilitoka damu. Nilipomaliza ule wa nne, fundi mmoja wa Jabe aliuona, akauliza nani ameshona, na hivyo ndivyo nilivyoingia kazi iliyonijengea nyumba. Sikufundishwa na mtu. Nilifundishwa na masikio ya farasi.

Aliivaa. Na siku niliyotaka kumsimulia Madamu ilikuja baadaye, adhuhuri tulivu, mimi nimesimama naye kivulini, mkono umefika nyuma ya sikio na yeye hajasogea. Nywele za ndani zilikuwa zimeota tena, nzito kama ndevu za sheikh. Nikalifunika sikio lote kwa kiganja. Lilikuwa baridi, limelegea, limeniamini. Na wakati huohuo bomu likapiga vilimani, karibu, mabati yakatetemeka. Mimi niliruka mpaka nikajigonga kwenye nguzo. Zabibu alinitazama. Alikuwa na jani mdomoni, akaendelea kulitafuna. Vita havikuwahi kumwingia kichwani. Vilikuwa vimeingia kwetu, na sisi tukamvika yeye.

Nilimsimulia Madamu Irini yote haya, chai ikapoa. Hakulia, umri ule mtu hulia kwa jambo dogo, si kubwa. Aliuliza Zabibu alikufa vipi, nikamwambia kwa uzee, amelala, kwenye majani, miaka mingi baadaye. Alimwulizia Mzee Rajabu, nikamwambia mkasi wake ninao, nakatia uzi. Yule dume aliyepanda lori sikumwulizia, na yeye hakusema. Kisha nikamtolea ile kamba kutoka msumarini, imekuwa nyeusi kwa mikono, akaifungua bakoli, akaifunga, akaifungua.

Aliposimama kuondoka aliona kofia yangu imekaa upande. Alinyoosha mkono kuiweka sawa, kama alivyokuwa akifanya zamani nikiwa kijana, kabla ya ile bariyeri. Kichwa changu kikaenda nyuma chenyewe, kikagonga rafu, mikoba miwili ikaanguka. Tukabaki hivyo, mkono wake hewani.

"Na we, Saidi?" alisema kwa sauti ndogo. "Mpaka leo?"

"Polepole, Madamu," nikamwambia. "Anza na bega."

Akaweka mkono begani, kwa mgongo wa vidole, na akautoa kabla sijataka autoe.